Dada Makomeo

Mtoto alimwambia afisa kwamba Makomeo si baba yake. Alisema ni mtu wa funguo, na kwamba kila jua likizama anamfungia ndani.

Alilisema hilo kwa lugha ya kwao, taratibu, huku anatafuna biskuti, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mkalimani akatafsiri. Afisa wa ustawi wa jamii akarudisha kikombe cha chai mezani bila kunywa.

"Hebu rudia hapo," alisema.

Mkalimani alikuwa mama wa makamo anayeuza mitumba sokoni. Alizaliwa nchi ile ile aliyotoka mtoto, akaolewa huku, na ofisi ilimwita kwa sababu haikuwa na mwingine.

"Nimemuuliza, huyu mzee ni nani kwako? Amejibu, huyu ni dada."

"Dada?" Afisa alimgeukia Makomeo, pande la mtu, ndevu zimemjaa hadi shingoni. "Dada huyu?"

"Kwetu neno hilo ni jingine, mama. Kwetu dada si ndugu wa kike. Dada ni yule anayeshika funguo. Wa ghala, wa zizi, wa jela. Mfungaji, tuseme."

Makomeo alikuwa amesimama karibu na mlango, tabasamu lake liko tayari, maana alijua swali hilo lingeulizwa, na alidhani anajua jibu lake. Tabasamu lilibaki usoni muda kidogo baada ya maneno kwisha, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba sherehe imeahirishwa. Mkewe, aliyekuwa ameshika sahani ya biskuti, hakujua aiweke wapi.

Makomeo ni jina alilopewa na mtaa. Alikuwa fundi wa vitasa na makufuli, na kazi hiyo aliianza tangu alipoitupa shule na shule ikamtupa yeye. Ukipoteza ufunguo, unamwita Makomeo. Ukigombana na mpangaji, unamwita Makomeo usiku wake kabla mpangaji hajarudi. Na nyumbani kwake, nyumba ya vyumba vinne iliyobanana na nyingine, mlango wa mbele ulikuwa na kitasa, komeo la juu, komeo la chini, na mnyororo wenye kufuli unene wa ngumi. Madirisha yalikuwa na nondo. Hata banda la kuku lilikuwa na kitasa, na kuku wenyewe walishaliwa zamani. Watu walisema nyumba ile ina vyuma vingi kuliko vyombo.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alishona sare za watoto wa mtaa mzima, akawapima mabega na viuno, akawaona wanakua kutoka saizi hadi saizi, na yeye mwenyewe hakupata wa kumshonea. Miaka ikaenda. Walipokata shauri la kuasili mtoto, waliambiwa foleni ya hapa nchini ni ndefu na wao umri umewatupa mkono. Ng'ambo ya mpaka, waliambiwa, kuna nyumba za watoto ambako wakubwa wakubwa hawana anayewataka, kwa sababu kila mtu anatafuta kichanga.

"Sisi tunamtaka aliyeota meno," mkewe alisema. "Kichanga nitamwinua kwa mgongo gani huu?"

Kaka mkubwa wa Makomeo, muuza televisheni na redio, alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, unaagiza mtoto nje kama friji? Akiharibika utapata wapi spea?"

"Nitazichonga mwenyewe," Makomeo alisema.

Wakaenda. Kule, katika uwanja wa vumbi mbele ya jengo refu lenye mlango mmoja, waliletewa msichana wa miaka sita, labda saba, karatasi zake zenyewe hazikuwa na uhakika. Hakumtazama Makomeo usoni. Alimtazama kiunoni, pale ambapo funguo zake za kazi huning'inia, shada zima linalolia kila akipiga hatua. Kisha akatamka neno moja.

"Dada."

Makomeo alicheka hadi machozi. Akajipiga kifua: "Baba. Sema, ba-ba." Mtoto akazitazama funguo tena. "Dada." Njia nzima ya kurudi ikawa hivyo: baba, dada, baba, dada. Walipofika nyumbani Makomeo alikuwa ameshapata maelezo yake. "Kwao baba ndiyo dada," alimwambia kila aliyeuliza. "Lugha za watu. Sisi ni nani tuwafundishe?" Na hakuna aliyewaza kumuuliza mtu anayeijua lugha hiyo, ingawa yule mama wa mitumba alikuwa pale pale sokoni, hatua chache kutoka kwenye kibanda cha Makomeo, na mara nyingi alikuwa amemuuzia suruali.

Mtaa ulisherehekea. "Shikamoo, dada!" vijana walimwita wakipita kibandani. "Dada, leo hukusuka?" Muuza mkaa alimwendea na uso mkavu kabisa akamuuliza ndevu hizo anazipaka mafuta gani, ili naye mkewe ayanunue. Makomeo aliwajibu wote. "Marahaba. Wewe wako anakuitaje? Au hakufahamu, maana hurudi mpaka kalala?" Lakini usidhani ilimuuma. Akiwa amepiga goti mbele ya mlango wa mtu, bisibisi mdomoni, akasikia sauti ile ndogo nyuma yake ikisema "dada", kitu kilimtembea kifuani. Mtoto alikuwa anamfuata kazini na kusimama mikono nyuma, anakagua. Kwa hiyo naye Makomeo akampa jina: Bosi.

Jambo moja tu liliwashinda. Bosi hakulala kitandani. Kila asubuhi walimkuta sakafuni nyuma ya mlango wa chumba chake, amejikunja, na miguuni amevaa viatu.

"Anaogopa wezi," Makomeo alisema. "Kule kwao sijui waliibiwa nini."

Akafanya lile analolijua. Alikuwa na kitasa cha shaba alichokitunza tangu ujana, kazi ya fundi aliyemfundisha, kitu ambacho matajiri walishakitaka na akakataa. Alikitoa kwenye kitambaa chake, akakifunga kwenye mlango wa Bosi. Kila jioni alimpa usiku mwema, akauvuta mlango, akazungusha ufunguo polepole ili mtoto asikie jinsi ulimi wa chuma unavyoingia nyumbani kwake.

"Umesikia hiyo, Bosi? Hapo hapiti hata mbu."

Mkewe aliuliza mara moja, "Na akitaka haja?"

"Si poti ipo chini ya kitanda?"

Kwa Makomeo, kumpenda mtu ni kumfungia mlango vizuri. Hakuna aliyemfundisha upendo mwingine.

Sasa rudi sebuleni, kwenye chai inayopoa.

"Mzee," afisa alisema, "ni kweli unamfungia?"

"Ni kweli."

"Kwa nje?"

"Kwa nje. Lakini, mama, nimefunga kwa..." Aliishia hapo. Kila neno aliloliwaza lilikuwa na ufunguo ndani yake.

Mkalimani alikuwa bado anazungumza na mtoto, wameinamiana kama watu wa kijiji kimoja. Akainua kichwa. "Anasema kule dada aliwafungia jua likizama. Siku nyingine dada alikwenda kulewa, akaja kufungua mchana. Walilala na viatu kwa sababu mlango ukifunguliwa, wa kwanza kutoka ndiye anayekula akashiba."

Mkewe Makomeo aliiweka ile sahani chini, sakafuni, kisha akaketi juu ya kiti bila kukitazama.

Afisa alifunga mkoba wake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshaona mengi. "Muda wenu wa majaribio kabla ya kuasili unakwisha shule zikikaribia kufunguliwa. Nitakuja bila kuwaarifu. Nikimkuta bado anajiona mfungwa, naondoka naye siku hiyo hiyo."

"Mnampeleka wapi?" Makomeo aliuliza.

"Alikotoka."

"Kwa yule dada wa kwanza?"

Afisa alitafuta miwani yake kwa muda mrefu, na ilikuwa usoni.

Walipoondoka, mkewe hakulia. Alikwenda mlangoni kwa Bosi, akagonga kile kitasa cha shaba kwa kidole.

"Ng'oa," alisema.

Makomeo alikichomoa jioni ile. Chumba cha mtoto kikawa wazi. Lakini mlango wa mbele aliufunga kama kawaida: kitasa, komeo la juu, komeo la chini, mnyororo. "Wa mbele hapana, mwenzangu. Mtaa huu unaujua."

Asubuhi walimkuta Bosi amelala nyuma ya mlango wa mbele. Na viatu.

Walijaribu wiki nzima. Makomeo alizificha funguo ndani ya debe la unga ili zisimlilie kiunoni. Akajaribu ujanja: anauacha mlango wazi mpaka mtoto asinzie, kisha anakwenda kwa vidole vya miguu kurudishia makomeo. Aliyatia grisi yasilie. Alfajiri moja akamkuta Bosi ameketi wima, mgongo ukutani, amefunga kamba za viatu fundo mbili mbili, na anamtazama. Hakulia, hakununa. Alimtazama kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa analijua.

"Umempanulia jela tu," mkewe alimwambia. "Ilikuwa chumba, sasa ni nyumba."

"Basi nifanye nini? Niuache mlango wazi? Mimi? Watu watasemaje?"

"Watasema Makomeo ana mtoto."

Makomeo alitoka akakaa barazani. Alikaa mpaka chai ikapoa, akaletewa nyingine nayo ikapoa. Kisha akapiga moyo konde, akaingia ndani, akachukua sanduku la vifaa, akamwita Bosi kwa kidole.

Alianza na komeo la juu. Skrubu zilikuwa zimekaa miaka, zimeshikana na mbao kama wanandoa wazee, na kila moja ilitoka na mlio wake. Alimpa Bosi bakuli, na kila skrubu iliyotoka aliitia mle. Likafuata komeo la chini. Likafuata kufuli la mnyororo. Kitasa alikitoa kizima, pakabaki tundu ambalo ungeweza kupitisha chungwa. Madirisha mawili yasiyotazama barabara aliyakata nondo kwa msumeno. Mchana kutwa alifanya kazi, jasho linamtiririka ndevuni, na majirani wakasimama nje kuangalia.

"Dada anahama?" muuza mkaa aliuliza.

"Dada anapunga hewa," Makomeo alisema. "Nenda kachome mkaa wako."

Alipomaliza, mlango wa mbele ulikuwa na bawaba tu na tundu. Ukiusukuma unafunguka, ukiuacha unarudi wenyewe nusu. Bosi aliweka bakuli chini. Akausukuma mlango, akatoka, akasimama barazani, akarudi. Akausukuma tena, akatoka, akarudi. Alifanya hivyo mpaka chakula kikaiva, na hakuna aliyemkataza.

Siku hiyo alilala kitandani. Lakini viatu hakuvua.

Hapo ndipo Makomeo alipochoka kuelewa. Mkewe ndiye aliyeona. Alikuwa anafagia ukumbini, mbele ya chumba cha nyuma, na kama kila siku akakuta sisimizi wamejipanga foleni kuelekea chini ya mlango. Alikuwa anawafagia tangu mtoto aje, anawalaani, anamwaga maji ya moto. Safari hii aliinama. Vipande vya mkate vilikuwa vimesukumwa chini ya mlango, kimoja kimoja, kwa uangalifu, vimebanwa viwe vyembamba vipite.

Chumba kile kilikuwa cha kaka mkubwa. Aliweka humo bidhaa zake, televisheni na redio ndani ya maboksi, kwa sababu mji mzima haukuwa na nyumba salama kama ya mdogo wake. Kufuli lake lilikuwa kubwa kuliko yote, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Wakamwita mama wa mitumba. Alikuja na bidhaa bado ziko begani, akachuchumaa na Bosi mbele ya mlango ule, wakanong'onezana. Aliposimama, alijifuta uso kwa suruali ya kuuza.

"Anauliza lini mtawafungulia wenzake."

"Wenzake gani?"

"Wa humo ndani. Anasema hawalii kwa sababu wameshazoea. Amekuwa akiwawekea sehemu yake ya mkate."

"Mwambie humo hamna watu!" Makomeo alisema. "Mwambie ni televisheni!"

"Nimemwambia. Anasema hata kule, wageni walipokuja, dada alisema hamna watu."

Kaka mkubwa aliletwa kwa simu ya hasira, akafika na hasira zaidi. Alikuwa mtu mwenye tumbo na pete, mzoefu wa kutoa amri kwa kuwa alizaliwa mapema.

"Nasikia umevua nyumba nguo," alisema, akitia kidole kwenye tundu la kitasa. "Wewe ni mzima kweli? Mali yangu imo humu!"

"Kaka, fungua chumba. Mtoto aone, basi. Kisha uhamishe vitu vyako, siwezi kuvilinda tena."

"Nifungue kwa sababu mtoto wa kuokota anaota ndoto? Sifungui. Nihamishe wapi? Dukani? Unajua fremu yangu ilivyo finyu." Akamgeukia mke wa mdogo wake. "Shemeji, ongea na mumeo. Huyu mtoto ana kwao. Mrudisheni. Mimi nina wanangu watano, chagueni mmoja mkae naye, hata wawili."

"Shemeji, sisi si duka la kukuhifadhia na watoto," mkewe Makomeo alisema.

"Mwanamke, mimi naongea na damu yangu! Huyu si damu yetu. Leo anawavulisha makomeo, kesho atawavulisha nyumba yenyewe."

Makomeo alikwenda kwenye debe la unga, akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, akatoa shada la funguo, jeupe kama limetoka kaburini. Alichomoa mle waya mdogo uliopindwa ncha.

"Usithubutu," kaka yake alisema.

"Kufuli hili nilikuuzia mimi."

"Ukilifungua hilo, mdogo wangu, mimi na wewe basi. Sikutanii. Hata ukifa sitakuja."

"Nikifa sitakuwepo kuona kama umekuja," Makomeo alisema, akapiga goti.

Mara mbili waya uliteleza. Bosi alikuwa amekuja karibu, mikono nyuma, anakagua. Mara ya tatu kufuli lilitoa mlio, likalegea, likaanguka.

Bosi aliingia peke yake. Walimsikia anatembea kati ya maboksi. Aliita kwa lugha ya kwao, si kwa sauti, kama unavyoita watu waliolala. Alitazama nyuma ya kila boksi. Yaliyokuwa makubwa aliyagonga na kuweka sikio. Mama wa mitumba alikuwa amegeukia ukutani.

Bosi alipotoka alikuwa ameshika vipande vya mkate, vikavu, viganja vyote viwili. Alimpa mkewe Makomeo. Kisha akasema kwa Kiswahili, sentensi yake ya kwanza iliyokamilika:

"Hamna watu."

"Hamna," Makomeo alisema. "Hamna, Bosi."

Kaka mkubwa alileta gari mchana ule ule, akapakia boksi kwa boksi, na kila boksi aliliaga kwa tusi. Hakumgusa mdogo wake mkono. Asubuhi iliyofuata, mkewe Makomeo alipokwenda kumwamsha mtoto, aligonga kitu kwa mguu. Viatu. Vilikuwa kando ya kitanda, kimoja kimelala ubavu, vimevuliwa hovyo hovyo kama anavyovua mtoto yeyote.

Wezi hawakukawia. Walisubiri familia iende sokoni, wakausukuma mlango kama watu waliokaribishwa. Walichukua redio na jiko la gesi pamoja na mtungi. Walichukua cherehani.

Makomeo alipoona pale palipokuwa na cherehani, duara nne za vumbi zilizoachwa na miguu yake, aligeuka. Alikwenda kuchukua sanduku la vifaa. Alikuwa ameshapima komeo juu ya mbao, penseli sikioni, mkewe alipokuja kusimama nyuma yake.

"Hiyo ni nini?"

"Nimekosea, mwenzangu. Nimekunyang'anya riziki yako. Narudisha, angalau moja."

"Makomeo." Hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo. "Ukigonga hapo hata msumari mmoja, mimi nalala nje, na mtoto nalala naye."

"Utashona kwa nini?"

"Kwa mkono. Sindano hawakuchukua, wajinga wale."

Akashona kwa mkono. Sare mbili kwa siku badala ya sita, vidole vimetobokatoboka, na alipoulizwa alisema ndiyo mtindo mpya. Makomeo naye sokoni akawa kichekesho. Mteja mmoja alimwambia ana kwa ana: "Fundi, kwako kwenyewe umeshindwa, kwangu utaweka nini?" Mwingine akadai arudishiwe malipo ya kitasa cha mwaka uliopita, kilichokuwa bado kinafanya kazi. Kibanda kikakauka. Makomeo akaanza kufunga bawaba, kupanga vioo vya madirisha, kunyoosha milango iliyovimba kwa mvua, kazi za vijana. Alizifanya. Jioni alirudi, akala, akausukuma mlango ukarudi nusu, akaenda kulala. Mwanzoni alikuwa analala jicho moja wazi. Baadaye alichoka, akalala yote mawili.

Afisa alikuja asubuhi moja, kama alivyoahidi, bila taarifa. Mkalimani alikuwa naye. Alitaka kugonga, akaona tundu mahali pa kitasa, akachungulia kwanza. Bosi alikuwa sebuleni amejilaza kifudifudi, peku, anapanga skrubu za bakuli lake kwa ukubwa.

"Karibu," alisema Bosi. "Sukuma tu."

Wakaketi. Biskuti hazikuwepo safari hii, palikuwa na chai ya kuni. Makomeo alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza, ila hakuandaa tabasamu lolote. Afisa alimvuta mtoto karibu na kumuuliza kwa Kiswahili, maana sasa waliweza kuelewana.

"Huyu hapa ni nani?"

"Dada."

Mkewe Makomeo alifumba macho. Mkalimani alitaka kusema kitu, afisa akamzuia kwa mkono.

"Dada anafunga mlango usiku?"

Bosi alimtazama afisa, akautazama mlango, akamtazama afisa tena, kama anapima kama mama huyu anaona vizuri.

"Mlango huu?"

"Huo."

"Haufungi."

"Kwa nini haufungi?"

"Mbovu." Kisha akamsogelea, akashusha sauti ili asimwaibishe mtu, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mmoja alisikia. "Dada hajui kutengeneza."

Mama wa mitumba aliangua kicheko, akaziba mdomo, kikatokea puani. Afisa alimtazama Makomeo, fundi wa makufuli aliyewafungia matajiri wa mji ule milango yao yote.

"Ni kweli, mzee? Hujui?"

"Ni kweli, mama," Makomeo alisema. "Huu umenishinda."

Afisa alitoa karatasi ya kuasili mkobani, akaweka sahihi, akamalizia chai yake.

Gharama yenyewe ni hii. Cherehani moja. Redio moja, na jiko la gesi na mtungi wake. Kitasa cha shaba, ambacho Makomeo alikiuza baadaye kununua cherehani kuukuu inayoruka nyuzi. Wateja wa sokoni karibu wote. Kaka mmoja, ambaye mpaka leo akikutana nao njiani anausalimia ukuta. Jina la Makomeo, ambalo hakuna anayelitumia tena. Mtaa mzima, wazee kwa watoto, unamwita Dada. Na neno baba, alilolingoja tangu siku aliyooa, ambalo hajaitwa bado.